Kibuyu Ulichokikataa

Baba Yohana,

Wamekucheka, nisikufiche. Mtumbwi uliokutoa Kigoma ulipopinduka, nawe ukavutwa ufukweni umekufa, tumbo limejaa maji, mtu alisema palepale, "Leo Mwalimu kanywa bila kuchemsha." Wakacheka hata wanawake waliokuwa wakilia. Nami nusura nicheke, Mungu anisamehe. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa sijakuona ukinywa tone ambalo halikupita motoni kwangu.

Unakumbuka msiba wa mke wa Mzee Bitaho? Mzee alikupa kibuyu cha maji kwa mikono miwili. Ukakisukuma, ukaanza kumhutubia mfiwa habari za vijidudu. Ulikuwa sahihi, na ulikuwa mjinga. Hapa kwetu kukataa kibuyu cha mfiwa ni kumwita mtia sumu. Nilipokulaumu ukaniletea Wagiriki wako wa seminari, jinsi walivyobishana kama kujua sababu za vitu ndiyo hekima yenyewe, au hekima ni kitu kingine, kujua kuishi na watu. Ukacheka. "Sayansi kwanza, Mama Yohana. Hekima itakuja na mvi."

Mvi hukuziona, mpumbavu wangu. Nakukasirikia.

Siku ya kukuzika vijana waliweka majembe chini. Mzee Bitaho akaja na kibuyu kilekile, maji yaleyale ya ziwani yanayotuharisha kila masika. Akasema kwa upole, "Nyumba hii ilituita watia sumu. Wanywe, ndipo tuchimbe." Nawe ulikuwa chini ya mkeka, umeanza kuvimba, inzi wamekujaa.

Nikanywa. Kisha akakielekeza kwa Yohana. Mtoto akaniangalia mimi, maana ulimfundisha vizuri. Nikakidaka, nikasema, "Fungu lake ni langu," nikanywa mpaka kikaisha. Wakachimba. Wakakulaza vizuri kuliko ulivyostahili.

Sasa tumbo linanikata, na barua hii naiacha kila mara nikimbilie nje. Nilijua kilichomo kibuyuni, ulinifundisha mwenyewe. Yohana ni mzima. Anapuliza moto, sufuria inatokota.

Kwa heri, mume wangu. Nakuahidi nyumbani kwangu Yohana hatakunywa maji yasiyochemshwa. Na namna ya kupokea kibuyu cha mfiwa nitamfundisha mimi, nikiinuka. Nisipoinuka atabaki na sayansi yako peke yake, na hapo sijui nani atamchimbia.