Nimeuza Bulangeti ku Joto ya Beni

Yaya Katembo, mukubwa wangu,

Amuka kidogo, utalala tena! Nimeuza bulangeti. Hapa Beni! Saa sita ya muchana, na jua ile unaijua, ile inafanya hata mbuzi anakunyanganya kivuli bila kukusalimia. Bulangeti za baridi, Yaya, nzito sawa ngozi ya ng'ombe. Zimeisha! Imebakia moja tu, na hiyo moja iko ya mutu wa Mutwanga, unamujua muzuri kunishinda. Usinikimbize, nitafika kwake. Weye mwenyewe ulinifundisha: kitu ya maana hapana kuingia ya kwanza ku jukwaa.

Najua unauliza: "Kambale, mupumbafu gani anapeleka bulangeti Beni?" Ni miye. Unajua balo ya mitumba tunanunua imeshonwa, hapana kufungua, hapana kuchungulia. Unapigapiga na mukono sawa muganga anapiga tumbo ya mugonjwa, kisha unaomba Mungu. Hii niliipiga kule Butembo, pembeni ya Rughenda, ikajibu laini. Nikasema: chemise, mashati mepesi! Beni iko joto, batavaa chemise. Shofere, Muzee Saidi, akaipandisha ku kamio yake, tukashuka. Tukafungua ku soko ya Bungulu. Nakata kamba ya kwanza: bulangeti. Ya pili: bulangeti. Muzee Saidi akaangalia jua, akaangalia bulangeti, akaniangalia miye.

"Mwanangu," akasema pole pole, "umeleta moto ku jehanamu."

Pale nilikutafuta, Yaya. Kweli. Niligeuka upande wa kushoto, fasi ulikuwa unasimama, weye unaita bantu bakuye, miye nauza. Hapana mutu. Tangu tulikuzika sikuita tena bantu ku soko. Nilikuwa nauza kimya, sawa mutu anauza kitu ya kuiba. Mudomo yangu yote ile, ile ulisema itazikwa siku tatu baada ya miye, ilikauka.

Mambo imebadilika, unajua? Barebele, bale baasi, balienda. Barabara ile ilifungwa wakati homa inakukamata, wakati dawa iko Beni na shiye tuko Butembo, sasa kamio zinapita asubui na mangaribi sawa hakuna kitu ilifanyika. Inaniuma kidogo. Mais kuko pia furaha: bale bote balichelewesha ndoa juu ya vita, sasa banaoa kwa fujo! Kila siku ya posho, mwisho wa juma, ngoma. Kumbuka hii ya ndoa, juu njo hiyo iliniokoa.

Ndani ya mufuko yangu mulikuwa kitambala yako nyekundu, ile ulikuwa unafunga ku kichwa wakati unacheza Mama Mukwe ku teatre yetu. Masika, muke wako, alinipa baada ya matanga. "Shemeji, kamata," akasema, "hapa nyumbani inaniliza tu." Niliapa sitaivaa. Niliogopa: nikicheza mubaya, bantu batacheka weye, na weye hauko tena pa kujitetea.

Mais niliangalia ile bulangeti, Yaya, na nikakumbuka siku ya dipanda, ile ya uhuru. Jukwaa ya mbao juu ya mapipa, bendera mupya, Butembo yote imesimama. Ukaingia na ile kitambala, ukamuona mukwe na mbuzi zake. Ukanyamaza. Ukanyamaza mpaka mutoto moja akalia. Halafu: "Mbuzi ni ya baba. Na miye? Huyu binti alinikojolea miaka mbili, bulangeti ya mama iko wapi?" Na pale pale mbao ikavunjika, ukaanguka puu! Miye nilifunga macho. Weye ukasimama, ukapangusa kikwembe, ukasema: "Mumeona? Hata mbao inakataa ndoa bila bulangeti!" Bantu balifikiri tulipanga. Mangaribi ukaniambia: "Kambale, ukianguka, anguka sawa ulilipia hiyo nafasi."

Bon. Nikafunga kitambala. Nikapanda juu ya balo. 

Nikajifunika bulangeti ku joto ile, na nikanyamaza. Ulisema muuzaji anaanza na mudomo, mutu wa teatre anaanza na kunyamaza. Nikakunja uso, ile uso yako ya mama amenyimwa nyama. Jasho inashuka sawa muto. Mama moja wa mafuta ya mawese akasimama: "Papa, uko mugonjwa?" Sikujibu. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita wengine. Muzee Saidi akaanza kusoma dua, alifikiri kichwa yangu imeharibika.

Wakajaa. Sasa nikafungua kinywa, na Yaya, sauti ilitoka! Yako na yangu, zimechanganyika.

"Mbuzi zilikuya," nikasema, "zikakula muhogo yangu! Mais bulangeti iko wapi? Mukwe gani hapa alinikimbia?"

Bale ba mbele balicheka, sikubaangalia. Ulisema wa mbele amekwisha kuya, chezea ule wa nyuma mwenye mukono ku mufuko. Nikatafuta. Mwanaume murefu, kofia, anajificha nyuma ya muke wake sawa muti inajificha nyuma ya majani. Nikanyoosha kidole, nikanyamaza tena.

Muke wake akapiga mikono: "Njo yeye! Njo yeye huyu! Mama yangu angali analala na gunia!"

Weh! Soko yote ilianguka na kucheka. Yule bwana akanunua mbili, juu ya haya. Kisha bale banataka kuoa posho hii. Kisha bale balioa zamani na hawakulala muzuri tangu ile siku. Hata askari moja, na bunduki yake: "Ndeko, ndugu yangu, mama ya muke wangu iko mbali, mais nipe, nisimuote tena." Nauza, nacheza, nauza. Na unajua kitu ya kuchekesha? Jukwaa yangu ilikuwa balo yenyewe. Kila bulangeti nauza, miye nashuka. Nilianza juu sawa padiri, nikamaliza miguu ku udongo, nimekanyaga bulangeti moja tu.

Mutu moja akakamata pembe yake. "Nipe hii."

"Hii hapana."

"Naongeza."

"Papa, hata ukiongeza muke wako."

Bantu bakacheka, mais miye sikucheza tena. Nikatoa kitambala. Ulisema tuondoke wakati bangali na njaa. Haikuwa juu ya ile, Yaya.

Ni juu, ulipokuwa unalala na homa, uliniita karibu. "Kambale, usicheke," ukasema. "Miye Mama Mukwe wa inchi muzima, wangu mwenyewe, mama ya Masika, sikumupelekea bulangeti." Kila mara ulinunua, na kila mara kabla ya kufika Mutwanga mutu alikuonyesha bei muzuri, ukaiuza. Nilicheka. Uliniomba nisicheke na nilicheka, na weye ukacheka, ukakohoa. Ile njo mucheko yetu ya mwisho. Na yule mama, Yaya! Alikuwa anafika ku spectacle, michezo yako yote, anakaa mbele, anacheka kushinda bote, anajipiga magoti. Hata siku moja hakusema kitu. Leo nilipokuwa nanyoosha kidole kwa ule mwanaume wa nyuma, nilikuona weye pale, nyuma ya Masika.

Donc, kesho asubui kamionete inaenda Mutwanga, na Masika anaenda na miye. Bulangeti nimeikunguta udongo ya Bungulu, nimeikunja, nimeifunga na kamba ya balo. Kitambala itabaki ndani ya mufuko. Nitapiga magoti mbele ya mama, nitanyamaza kwanza, na ile siku kunyamaza haitakuwa ya teatre. Halafu nitasema: "Mama, Katembo ametuma."

Akicheka, nitacheka naye. Akilia, nitamufunika.

Rudia kulala sasa, mukubwa wangu. Soko nitaita tena, upande wa kushoto na wa kuume, nakuahidi. Na njiani kuko bale banatoa bei muzuri, nabajua, utaniona nafunga masikio mpaka Mutwanga. Hii moja sitaiuza.

Mudogo yako,
Kambale