Jumamosi Ambazo Mama Hayupo

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi mguu, umekubali kupanda ngazi au bado mnagombana? Sisi tunaendelea. Mfikishie shemeji heshima zetu.

Juzi kwenye simu ulinifokea, ukasema kumwambia mtoto wa miaka sita kwamba mama yake atakufa ni roho mbaya. Ukasema pia mambo mmeshapanga: wewe umchukue mkubwa, kaka amchukue mdogo. Sikujibu, nilikuwa na mteja. Sasa nakujibu.

Mama yetu alipofariki, tuliambiwa amesafiri. Mwaka mzima kila ikibishwa hodi nilikimbilia mlangoni. Niliapa wangu hawatadanganywa. Basi niliwakalisha kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, nikawaambia dawa zimeshindwa na mama atakufa. Mdogo akauliza nani atamsuka. Mkubwa alijifungia chooni saa nzima.

Ndipo tukaanza Jumamosi zetu. Kila Jumamosi, tangu asubuhi mpaka jioni, mimi sipo. Nakaa kwenye kiti changu kando ya cherehani, mdomo nimeufunga, na hakuna ruhusa ya kuniuliza chochote. Ya kwanza ilikuwa vituko vitupu! Wali uliungua chini ukabaki mbichi juu, sabuni nzima ikaishia kwenye ndoo moja, na ufunguo waliohangaika kuutafuta nilikuwa nimeukalia. Nilicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikaniuma.

Ya nne sasa, we dada! Alikuja mama mmoja anataka gauni. Binti yangu wa miaka kumi na minne akampima mabega, kifua, kiuno, akaandika, kisha akamwambia bila kupepesa macho kwamba kitambaa alicholeta hakitoshi. Na kweli hakikutosha! Nilitamani kupiga vigelegele, lakini si nilikuwa sipo.

Jumamosi iliyopita mdogo alianguka uani akachanika goti. Aliingia ndani analia, damu inamtoka. Nikasahau sheria yangu mwenyewe, nikamfungulia mikono. Akanipita. Alinipita, dada, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, akaoshwa, akafungwa kidonda, akapulizwa, akanyamaza. Mimi nimebaki na mikono hewani. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia wale watoto, na sijawahi kuumia vile. Nililia, wakanikataza, wakasema siruhusiwi kulia kwa sababu sipo, tukaishia kucheka wote watatu.

Kwa hiyo nakuomba usiwatenganishe. Kupika wanajua, kufua wanajua, na kutunzana umeshasikia. Wanachokosa ni mtu mzima wa kwenda kwenye vikao vya shule na wa kuwagombeza kidogo. Hamia hapa na shemeji. Chumba changu kina nafasi, na kazi yake anaweza kuifanyia popote, asijifanye.

Sasa nikuungamie. Nilikwambia daktari amenipa mwaka. Si kweli, dada yangu. Alisema miezi mitatu, na miwili imeshapita. Nilijua nikikwambia utalia, na mimi tangu utotoni siwezi kuona ukilia. Watoto wanajua hata wiki zilizobaki. Ni wewe tu niliyekuficha, na ni wewe tu ambaye hujajiandaa. Nisamehe. Njoo kabla ya Jumamosi.

Wanakuamkia wote wawili. Mdogo anasema ukija atakuonyesha kovu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi