Shokapu kwa Uzito Wangu

Mtaa wa Chipre,
Manizales, Kolombia.
9 Februari 2019.

Mpendwa kaka Arbey,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Itziar, na kwamba baridi ya huko Bilbao imeanza kulegea. Kile kikohozi kimekuachia? Mama hajambo, ila goti lake ni lile lile. Mimi sijambo ya kusema tu. Nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka barua hii naiandika nimelala.

Uchovu wenyewe unaanzia mgongoni. Bado naongoza waendesha baiskeli kutoka kule juu kwenye baridi hadi mashamba ya kahawa bondeni, mara nne kwa wiki, na kila jiwe la njia ile nalijua kwa uti wa mgongo. Desemba daktari alizitazama picha za mgongo wangu akasema, "Dada, ama ubadilishe baiskeli, ama ubadilishe kazi." Kazi nyingine sina.

Baiskeli ni ile yako. Ulipoondoka ulisema niitunze vile vile mpaka urudi, nami nikalishika neno lako kama amri ya kanisa. Miaka kumi na moja sasa. Hata springi ya shokapu ya nyuma ni ile ile iliyochaguliwa kwa kilo zako themanini na nane, na mimi sitini sijawahi kufika. Nikiikalia haibonyei. Springi za wateja nazipima kila siku, nawarekebishia, halafu napanda yako nikapigwe. Mganga hajigangi.

Mwezi uliopita shokapu hiyo ikaanza kuvuja mafuta. Dukani wakanionyesha shokapu ya upepo, nyepesi, unaijaza kwa pampu mpaka ikufae. Nzuri, lakini kwenye mteremko wetu wa saa mbili ingepata moto na kubadilika tabia. Wakaleta nyingine, ndefu kuliko ya zamani, eti ndefu ndiyo bora. Nikawaambia ikibonyea yote tairi litasugua fremu. Mwishowe nikachagua ya springi, urefu ule ule kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini. Kilichobaki ni kutaja uzito ili wanipe springi yake. Uzito wa nani sasa? Niliona nikitaja wangu, ni kama nimesema kwamba hurudi.

Nikatoka, nikaenda kwa mzee Aldemar anayenunua kahawa. Nikapanda mizani yake ya magunia na kofia ngumu kichwani, viatu, zana na maji mgongoni, maana springi huchaguliwa kwa mtu pamoja na mzigo wake.

"Kahawa gani hii, Edilma? Mbichi kabisa! Kaianike kwanza."

"Wewe pima tu, mzee. Bei yangu huiwezi."

"Sitini na nne na nusu. Na hapo sijatoa takataka."

Nilicheka, kisha nikalia pale pale katikati ya magunia. Aldemar akajifanya anashona gunia.

Nikarudi dukani, nikaitaja sitini na nne na nusu. Nilipoifunga shokapu na kuikalia na zana zangu zote, ilizama karibu theluthi ya mwendo wake, kama inavyotakiwa. Siku ile niliteremka hadi chini, nikashuka, nikainama kufunga kamba za viatu bila kuguna.

Jumapili nikapanda shambani kwa mama kumwambia. Niliogopa, kaka. Unajua chumba chako kimefungwa tangu uondoke, na sijathubutu kuugusa mlango ule. Nikamwambia nimeitoa springi ya Arbey. Mama akaweka chini kikombe chake cha maji ya sukari guru, akachukua ufunguo, akafungua. Kitanda hakuna! Kuna maharage mpaka dirishani, na kuku mwekundu anaatamia ndani ya kofia yako.

"Kitanda nilimpa jirani Rubiela alipojifungua, zamani hizo," akasema. "Mlango nilikuwa naufunga kwa ajili yako. Kila nikiiona baiskeli ile nasema, maskini, huyu bado anamngoja kakake, nisimvunje moyo."

Na mimi baiskeli nilikuwa naitunza kwa ajili yake pia! Tulicheka mpaka kuku akatoka. Sitakuficha, nilikukasirikia pia. Kila Krismasi unaandika "mwakani", na sisi wawili tunadanganyana kwa huruma. Usiliandike tena neno hilo. Hapa hakuna anayekungoja.

Nisalimie wifi Itziar, na umbusu Unai kwa niaba ya shangazi yake asiyemjua. Mama anasema uvae soksi mbili. Mungu awalinde ninyi na nyumba yenu ya huko.

Ukipata nafasi, njoo utembee tu. Springi yako nimeitundika msumarini nyuma ya mlango. Kuirudisha ni kazi ya nusu saa.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Edilma