Mwaka Niliomnyima Binti Yako

Mpendwa Mzee wangu,

Binti yako Denise alinipigia Jumanne, nikiwa nimeinamia suruali ya mlinzi mmoja Mkongo iliyochanika gotini. Alisema umefariki usingizini, asubuhi ya huko kwenu, na kwamba hukuteseka. Nikamwambia pole. Na yeye akanipa pole. Baada ya hapo simu ikakatika. Nikarudi kwenye ile suruali, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi na kaptula, anaisubiri aende kazini.

Leo ni Jumapili mchana. Kiduka changu cha kushonea hapa Jeppestown, Johannesburg, kimefungwa, baridi ya huku imeanza kuuma, na nimeona nikuandikie. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozoea mimi na wewe, na kwa sababu Kiingereza hunichosha nikiwa na jambo zito. Nimechoka, Mzee. Sisemi hivyo unihurumie. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unataka mtu aseme anavyojisikia kabla hajaanza kazi.

Tulikutana mwaka 2016 kule Randburg, kwenye ile tamthilia ya televisheni. Mimi nilikuwa fundi katika chumba cha mavazi. Wewe ulikuwa umeletwa kutoka Marekani uigize mzee wa Kigoma aliyekuja Johannesburg ujanani kuchimba dhahabu na hakurudi tena kwao. Nilikuwa nimepiga magoti nakupimia pindo, pini zimejaa mdomoni, nikakusikia juu ya kichwa changu unasoma karatasi. "Bado nakufa, mwanangu." Ukarudia kwa sauti nzito zaidi: "Bado nakufa." Nikatoa pini mdomoni nikakueleza kwamba huyo mzee hafi. Anamwambia mtoto wake kuwa bado ana faida kwake. Nakufaa. Ivute ile a ya mwisho. Ulicheka mpaka pindo likaenda upande, nikaanza upya. Kesho yake Nomsa, mwongozaji wetu, akaja kuniambia kuwa umemkataa mwalimu waliyekutafutia chuo kikuu, unamtaka yule mama wa pini.

Nilikukatalia. Nilikwambia mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili nimekikuta nyumbani tu, na kama kimenyooka kidogo ni kwa sababu ya shule ya kambi ya wakimbizi Tanzania. Ukajibu kwamba na wewe uigizaji hukufundishwa na mwalimu. Basi ukaanza kuja hapa kila Jumamosi, unakaa kwenye kigoda karibu na mashine ya overloki ya kufungia kingo za nguo, daftari mapajani. Wasusi wa Kikongo wa mlango wa pili walikujua siku ya kwanza. Walikuwa wamekuona kwenye televisheni tangu wako Lubumbashi, umevaa joho jeusi, unapiga nyundo mezani. Wakakuita Papa Juge, yaani Baba Jaji, na kila mmoja alikuwa na kesi na jirani yake anayotaka uiamue.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yako, kipande kipande, huku nashona. Baba yako aliosha mabasi Cleveland. Mchezo wako wa kwanza ulikuwa katika chumba cha chini cha kanisa, ukiwa na miaka kumi na saba, ukaigiza maiti na ukapiga chafya. Ukaenda New York ukabeba sinia za chakula miaka mingi, usiku hadi usiku ukisimama jukwaani kama mtu asiye na jina: dereva, bawabu, mwanamume wa pili. Wenzako wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Wewe hukuacha. Ulikuwa umekaribia miaka hamsini walipokupa ujaji wa televisheni, na ukaukalia miaka kumi na miwili. Ulisema televisheni ilikulisha, lakini jukwaani ndiko ulikokuwa hai. Kamera haikohoi, ulisema. Jukwaani watu wakianza kukohoa unajua umewapoteza, na wakinyamaza unajua unao mkononi. Mimi sikuwa nimewahi kukanyaga ukumbi wa michezo, lakini nilikuelewa. Najua mteja anavyonyamaza nguo ikimkaa.

Mwaka uliofuata ndipo ulipoanza kupotea. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Mkasi uliuita "ile ya kukata", nikadhani ni Kiswahili kimekukwama, kumbe na kwa Kiingereza hukulipata neno. Halafu siku moja, kule Randburg, ulisimama koridoni umevaa nguo za mzee wa Kigoma, ukaniuliza choo kiko wapi. Ulikuwa umefanya kazi katika jengo lile zaidi ya mwaka. Nilikupeleka mpaka mlangoni. Ulipotoka macho yalikuwa mekundu, ukanishika mkono.

"Zuhura, wakijua, sitapata kazi nyingine tena. Usimwambie mtu. Hata Denise."

Denise nilimjua kwa picha tu, binti yako wa pekee, muuguzi huko Cleveland, anayekupigia kila wiki na wewe unamwambia uko sawa. Nikakuahidi. Sitasema niliahidi kwa huruma peke yake. Mtu mkubwa kama wewe alikuwa ananihitaji mimi, mshona nguo wa Jeppestown, na nilipenda kuhitajiwa. Hilo nalisema leo kwa kuwa sina tena nguvu za kulipamba.

Tukatengeneza ujanja wetu. Tulimwambia Nomsa kuwa unahitaji kisikilizio kidogo sikioni kwa ajili ya maneno ya Kiswahili. Nikawa nakaa chumba cha mavazi na skripti magotini, nakusomea kila kitu, Kiingereza pia, na Kiingereza changu unakijua. Ulikuwa unayachukua maneno kama nilivyoyatoa, na lafudhi yangu ndani yake. Nomsa akafurahi sana. Alisema sasa ndiyo umemwingia yule mzee, unaongea kama mtu aliyeishi huku miaka yote. Tulicheka wiki nzima. Nilikuwa narudi nyumbani sauti imekauka, nalala na viatu, lakini tulicheka.

Halafu ukumbi wa michezo wa Braamfontein ukakuita. Mchezo wa urefu wa saa mbili, mzee mmoja jukwaani karibu muda wote. Nilikuomba ukatae. Nilikwambia kwenye televisheni tukikosea tunarudia, kule hakuna kurudia. Ulinijibu polepole, bila kukasirika, kwamba ndiyo maana unataka kwenda, kwa sababu hiyo ndiyo mara ya mwisho unayoweza. Ningeweza kumpigia Denise siku ile. Namba yake ulikuwa umeniandikia mwenyewe ndani ya kifuniko cha daftari langu, kwa dharura. Niliitazama nikafunga daftari.

Maonyesho mawili ya kwanza yalipita. La tatu lilikuwa la Jumamosi mchana, ukumbi umejaa wanafunzi, na Denise alikuwa amekuja kutoka Cleveland bila kukuambia, kukushtua kwa furaha. Amekaa safu ya nne. Sisi hatukujua. Nilikuwa nyuma ya pazia na aproni yangu, nakusomea. Kama nusu saa kabla ya mwisho ukanyamaza. Nikakusomea sentensi. Nikairudia. Ukumbi ulikuwa kimya, hakuna aliyekohoa, walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Ukakitoa kile kisikilizio sikioni ukakiangalia kama mdudu. Kisha ukageuka upande wangu, mbele ya watu wote, ukaniuliza kwa Kiswahili:

"Zuhura, tuko wapi?"

Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilitoka na aproni na pini zangu, nikakushika mkono chini ya taa zile.

"Tuko Braamfontein, Mzee. Tuko kazini."

"Nimemaliza?"

"Umemaliza."

Tukatoka. Nusu ya watu walipiga makofi. Nusu nyingine walikuwa wameshaelewa.

Denise alinikuta chumba cha kuvalia, nakuvua koti. Wewe ulimwangalia ukamsalimu kwa adabu, kama mtazamaji aliyekuja kuomba saini. Akanitoa nje, kwenye ngazi, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema najua. Akauliza tangu lini. Nikamwambia ni zaidi ya mwaka. Nilingoja anitukane. Badala yake alikaa kwenye ngazi, akaongea kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo.

"Ungeniambia, ningepata mwaka mmoja ambao bado ananijua."

Mzee, maneno hayo ndiyo ninayoamka nayo. Sikuwa nimefikiri siri yetu ina mtu inayemnyang'anya. Nilidhani nakulinda wewe, na wa kudanganywa ni mabosi tu. Kumbe kila Jumamosi uliyokaa kwenye kigoda changu ukinisimulia Cleveland, ilikuwa Jumamosi ya mtoto wako.

Wiki ile ile akakurudisha kwenu. Nomsa hakunifokea. Alisema tu kwamba nilimfanya mjinga mbele ya watu wake, na mkataba wangu ulipoisha hakuniita tena. Nikarudi kwenye zipu na pindo za majirani. Eish, sikulalamika. Sikuwa na wa kumlalamikia.

Miezi miwili baadaye, Jumapili, simu ikaita. Denise. Alisema sasa unazungumza maneno ambayo hayaelewi, anadhani ni Kiswahili, nimsaidie. Akakuweka kwenye simu. Ulikuwa unaomba chai. Nikamwambia, anaomba chai, ya tangawizi. Akacheka, halafu akalia, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Aliomba nimpe ule mwaka. Kila kitu nilichokumbuka, uliyosema, ulivyokaa, ulivyokula. Tangu siku hiyo tunaongea kila Jumapili. Nimempa maiti iliyopiga chafya, wasusi na kesi zao, hata ile siku uliyomfundisha mlinzi wa hosteli ya jirani kutembea kama mfalme. Ni kazi ngumu kuliko kukusomea sikioni. Kule nilikuwa na karatasi.

Lakini kulikuwa na jambo moja sikumpa. Siku ile mvua ilipotufungia ndani mpaka jioni ikakaribia, ulinisimulia Denise alipokuwa na miaka tisa na kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Wewe ulikuwa New York, mwigizaji mkuu ameugua, na kwa mara ya kwanza umepewa nafasi yake. Ulibaki huko uigize. Ulipofika hospitali siku tatu baadaye, ulimwambia theluji ilifunga barabara. Ulinieleza hayo kwa Kiswahili, kwa sababu, ulisema, kwa Kiingereza hayatoki. Na uliniomba, kama kawaida yako, nisimwambie.

Denise amenitajia ile theluji yako mara mbili kwenye simu, akicheka, nami sikumsahihisha, nikidhani anaamini. Leo, nilipofika hapa katika kuandika, niliweka kalamu chini. Nimechoka kuwa mahali unapofichia vitu, Mzee. Nisamehe. Nikampigia.

Nilimwambia yote bila kuzunguka. Nikasikia anavuta kiti.

"Ilikuwa mwezi wa Juni, Zuhura," akasema.

Sikuelewa. Kwangu Juni ni baridi, hata sasa nina blanketi miguuni. Ndipo akanieleza kuwa kwao Juni ni joto, watoto wanaogelea, na kwamba mtoto wa miaka tisa anajua hilo. Mchezo uliokuwa unaigiza New York ulikuwa wa majira ya baridi. Ulimjia kitandani ukiwa hujalala, umejaa maneno ya mchezo, na hayo ndiyo yaliyokutoka. Alijua tangu dakika ile ile. Alikubali kwa sababu aliona unavyotetemeka. Akangoja siku utakayomwambia mwenyewe, akangoja miaka arobaini.

Akaniuliza ulivyosema, neno kwa neno. Nikamwambia: "Theluji hakuna. Mimi sikuja." Hivyo hivyo, kwa Kiswahili chako kilichovunjika. Akaniomba nirudie polepole. Akajaribu. Neno la kwanza lilimsumbua, nikamkatia vipande, the-lu-ji, kama nilivyokuwa nakukatia wewe. Alirudia mpaka likamkaa.

Halafu akauliza namna ya kujibu. Nikamfundisha. Tulilifanyia mazoezi mpaka akaweza kulisema peke yake, na nakuandikia hapa kama alivyolisema, kwa kuwa alikuambia wewe, si mimi:

"Najua, Baba. Nimeshakusamehe."

Pumzika sasa, Mzee wangu. Nami naenda kulala kidogo.

Fundi wako na mwalimu wako,
Zuhura