Mgongo wa Rajabu

Arua, Jumatatu jioni

Dada yangu Zaina,

Pokea salamu zangu za huku mbali. Goti la mama linaendeleaje, bado linamsumbua asubuhi? Na mvua, imeikumbuka Kondoa mwaka huu? Mimi nipo, ila nimechoka, dada, nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Uliniuliza ni kazi gani hiyo isiyoniachia nafasi hata ya kupiga simu. Nafundisha riadha watu wenye ulemavu. Nilikuja kunyoosha viungo vya wakimbizi kwenye kambi ya Omugo, mkataba ukaisha, nikabaki na watupa tufe wangu tisa kwenye kiwanja cha shule chenye ardhi ngumu kama tofali. Wanatupa wakiwa wameketi, kwa hiyo kila asubuhi nagongelea vigingi na kufunga viti vya chuma visicheze, jioni nafungua vyote. Ukiona mikono yangu utadhani nalima mihogo mashambani Ayivu.

Hodari wao ni Rajabu, kijana wa Koboko. Polio ilimpata utotoni, ikamdhoofisha miguu na mgongo. Baba yake, Mzee Juma, ni askari mstaafu, na nyumbani kwao kulalamika ni utovu wa nidhamu.

Jumanne iliyopita wakaja wapimaji. Katika michezo yetu mtu hupimwa kwanza ulemavu wake ili apangwe na wanaolingana naye, na kundi ndilo linaloamua kama utaingia timu ya taifa. Daktari akamwambia Rajabu akunje mikono kifuani, ainame, kisha ainuke. Yule bwana si akainuka! Alirusha kichwa na mabega, ujanja wake wa tangu utotoni, akakaa wima kama yuko gwarideni.

“Unaumia?”

“Hapana, afande.”

“Unachoka?”

“Hapana, afande.”

Basi wakampanga na watu wanaosimama kwa miguu yao. Humo angekuwa wa mwisho, na timu angeisikia redioni.

Nilimfokea. Halafu nikaona haya, maana kwa miaka miwili mimi mwenyewe ndiye niliyemwimbia kila asubuhi: sema naweza.

Tukapewa nafasi moja ya kupimwa upya, Ijumaa. Nikamsihi safari hii aseme ukweli. Akainamisha kichwa.

“Mwalimu, hiyo maneno kwa mdomo yangu hapana toka.”

Alhamisi nikapanda basi hadi Koboko. Mzee Juma alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, “Saa ngapi iko kupima?” Kisha akaomba pasi, akaanza kunyoosha suruali yake.

Ijumaa mzee akasimama mguu sawa mbele ya daktari, binti wa umri wa mjukuu wake.

“Doktari, huyu kijana, mgongo yake iko mubovu. Hapana weza kukaa bila kushika kitu. Ni mimi nilimufundisha kuficha.”

Rajabu akaambiwa ainame. Akainama, na safari hii hakurusha kichwa. Alibaki vile vile, uso juu ya magoti, mpaka mimi nikamwinua. Wakambadilishia kundi, na timu ameingia.

Nilidhani tutafurahi, dada. Mzee alirudi Koboko bila kunywa hata chai. Nami nilipokuwa nikimsukuma Rajabu kwenye kiti chake cha magurudumu kuelekea barabarani, akaniambia bila kugeuka:

“Mwalimu, hii miaka yote nilikuwa natupa hii tufe sababu mzee asiseme mgongo yangu iko mubovu. Leo amesema.”

Leo amekuja mazoezini, ametupa vizuri kuliko wote, kisha akamwomba mwenzake amsukume hadi barabarani.

Nisalimie mama, umkande goti kwa maji ya moto hata akikataa. Nisalimie shemeji Hamisi kwenye cherehani yake, na shangazi Mwajuma aliyetulea. Mniombee, dada.

Mdogo wako,
Mwanaidi