Agosti Ninayoichora

Jumatatu, 2 Desemba 1996
Nimechuma kahawa, nikala, nikaingia chumbani kuchora. Ukurasa mwingine wa utoto wangu, nyuma ya kalenda kuukuu. Picha kwenye visanduku, maneno machache chini ya kila kimoja. Leo nimejichora na masikio makubwa nikifukuzwa na bata mzinga wa jirani. Mdogo wangu Kendi amecheka hadi akakohoa. Ana miaka kumi na mitatu.

Alasiri Shangazi, dada ya Baba, amepita. Amemwambia Mama atakuja kumchukua Kendi Jumamosi hii. Tohara ya wasichana. Mama akasema, "Sawa," akaendelea kupepeta maharagwe.

Nimerudi chumbani nikafunga mlango.

Jumanne, 3 Desemba
Sijachora. Naogopa kufika Agosti ile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shangazi huyu huyu. Wembe. Damu iliyokataa kukoma, kisha kitanda cha hospitali ya Nkubu. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuitaja tena.

Kendi ameahidiwa nguo mpya na soda. Anaimba akiteka maji. Kuimba kwake ndiko kunanitisha zaidi.

Jumatano, 4 Desemba
Nimeianza Agosti. Picha zinakuja, maneno ndiyo yananishinda. Nikiandika kama nilivyo sasa, nahubiri, na Kendi hatasoma mahubiri. Nikiandika kama yule mtoto, sivuki mstari wa kwanza. Nimerarua, nimeanza upya. Mwishowe nimemwachia mtoto aseme: "Shangazi amenishika mkono. Mkono wake una joto." Basi.

Kisanduku cha wembe hakina neno. Miguu ya wanawake tu, na kuku anapita.

Bata mzinga nimemwacha mwanzoni. Kendi aingie akicheka.

Alhamisi, 5 Desemba
Aliingia akicheka. Alipofika Agosti akaweka kidole kwenye picha.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Akanishika nguo. "Sitaki kwenda."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Akanyoosha mkono, nikampa kurasa zote, akaenda nazo shambani.

Baba hajawahi kunipiga. Lakini pia sijawahi kumpa sababu kama hii. Hakuja kula. Naogopa hata kukohoa.

Ijumaa, 6 Desemba
Ameniita kwenye mibuni mchana.

"Mbona kila picha nimekupa mgongo?"

Nikamwambia ukweli. "Siku ile ulikuwa hapa ukipogoa. Walipokuwa wananipeleka nilikuita. Hukugeuka."

Akapanga kurasa, moja juu ya nyingine.

"Nilikusikia," akasema. Akanirudishia kurasa na kuokota panga lake.

Hayo tu. Kesho atafanya nini, sijui. Nimefikiria kumtorosha Kendi hadi Embu, kwa msichana niliyesoma naye. Shangazi atatupata. Mama simwelewi. Anapita karibu yangu kama sipo.

Jumamosi, 7 Desemba
Wamekuja asubuhi, Shangazi na wanawake wawili. Kendi nyuma yangu, kucha zake mgongoni mwangu. Baba akatangulia langoni.

"Kendi haendi."

"Haya si mambo ya wanaume," Shangazi akasema.

"Ni mtoto wangu."

"Na huyo ataolewa na nani? Unataka watu watucheke?"

"Wacha wacheke. Rudi nyumbani, dada yangu."

Shangazi akatema mate chini, akasema hatakanyaga boma hili tena, hata siku ya kumzika Baba. Majirani walikuwa wameshika ua, wakisikia kila neno. Baba hakusogea hadi walipopotea kwenye kona. Ndipo akafunga lango, akarudi kwenye mibuni yake.

Jumapili, 22 Desemba
Kanisani Shangazi amekaa upande wa pili. Watu wanatusalimu kwa kichwa, hawasimami. Kendi amesikia wenzake wakimwita mtoto kwa kuwa hajatahiriwa, akalia kidogo, akaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Bado nashtuka mbwa wakibweka langoni.

Mchana nilikuwa jikoni na Mama tukimenya ndizi za kupika. Mikono imejaa utomvu. Yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye gogo. Akazungumza bila kuniangalia.

"Waliponikata mimi, nilikuwa mdogo kuliko wewe. Ilikuwa Mikinduri, kwa mjomba."

Nikaweka kisu chini. Akaendelea, polepole, kama anayetafuta njia kwenye giza. Maji yakachemka, yakamwagikia moto. Hakuna aliyeinuka.