Dakika Moja Ambayo Moraa Hakukata

Mjukuu wangu Kemunto,

Habari za huko? Najua utacheka kijana kama mimi kukuita mjukuu, lakini mama yako ananiita baba mdogo, basi vumilia. Huku Mosocho tuko sawa. Ndizi zimeiva, na goti la mama yangu limepona.

Umeniuliza shangazi yako Moraa alipewa tuzo ya nini kwa filamu ambayo hata haonekani ndani yake. Ni tuzo ya kukata filamu. Mimi shule niliacha mapema, nitakuambia tu kile niliona.

Baba yangu alipozikwa, Moraa alikuwa anakata video za harusi na matanga hapa sokoni, anachagua kipi kibaki na kipi kitoke. Na unajua kwetu, kila mtu aliyehutubia lazima aonekane. Tangu mazishi mama alikuwa hajalia wala kuongea, tukaogopa. Moraa akaleta video ya mazishi, tukaitazama. Kaka mkubwa wa baba akaruka:

"Moraa! Nimeongea saa nzima, niko wapi?"

"Uko hapo, mzee. Angalia kwanza."

Sauti ya mzee ilisikika kwa mbali, lakini picha ilikuwa ya mama. Nilikuwa nimevaa koti la baba, limenizidi, na mama ananikunjia mikono ya koti polepole, mmoja, halafu mwingine. Mimi hata nilikuwa nimesahau. Kati ya masaa hayo yote, Moraa aliionaje hiyo dakika moja?

Mama akalia. Halafu akasema, "Rudisha nyuma, nione tena."

Mzee akapangusa macho. "Rudisha, Moraa. Na hiyo hotuba yangu, toa yote."

Mama anakusalimia sana. Koti sasa linanitosha.

Babu yako mdogo,
Nyakundi